Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: Ebola itapiga hodi kwenye zahanati

Mheshimiwa,

Kila Ebola inapozuka Uganda au Kongo, picha tunazoonyeshwa Nairobi huwa ni zile zile: afisa mwenye barakoa akimpima abiria joto katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Hatusemi kazi hiyo iachwe, ila ina mpaka wake. Kirusi hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuanza, na katika muda huo mtu hana homa wala haambukizi mwenzake. Abiria aliyepanda basi Kampala jioni huamkia River Road, katikati ya Nairobi, akiwa mzima. Akija kuugua wiki ijayo, atakuwa Kayole au Eastleigh, na ataingia kliniki iliyo karibu na anapolala. Huko ndiko tunakoomba bajeti ielekezwe.

Tangu mwanzo ugonjwa huu umekuwa ukikuzwa hospitalini. Yambuku, mwaka 1976, hospitali ya misheni ilikuwa ikitumia sindano chache kwa wagonjwa wengi bila kuzitakasa ipasavyo. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Kikwit, mwaka 1995, fundi wa maabara alipasuliwa tumbo, na muda si muda waliomhudumia wakaanza kuugua. Kampala, Januari 2025, muuguzi alipita vituo kadhaa vya matibabu na kwa mganga wa kienyeji kabla ya kufia hospitali ya Mulago. Hata Nairobi ina mfano wake. Mwaka 1980 mgonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, aliletwa hapa kutoka magharibi mwa Kenya baada ya kutembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa, na kwa bahati akapona.

Siku za mwanzo Ebola ni homa, maumivu ya kichwa, koo na misuli, na uchovu. Muuguzi yeyote wa Nairobi atasema ni malaria au taifodi, na mara nyingi atakuwa sahihi. Kutokwa na damu, ambako watu wengi hukungojea, hutokea kwa baadhi tu ya wagonjwa, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo kinachomnasa mgonjwa ni swali: katika siku 21 zilizopita umetoka wapi, umemuuguza nani, umehudhuria mazishi gani, umelazwa au kufanya kazi hospitali ipi? Swali hili liulizwe mlangoni, kwenye meza iliyo angalau mita moja kutoka kwa mgonjwa, kabla ya kumgusa. Kwetu mgonjwa hudungwa kidole apimwe malaria kabla hajaulizwa alikotoka. Utaratibu huo ugeuzwe.

Majibu yakiashiria hatari, aingizwe chumba chenye mlango unaofungwa, choo chake mwenyewe au ndoo yenye kifuniko. Ahudumiwe na mtu mmoja au wawili waliotajwa kwa majina, na kila anayeingia aandikwe saa ya kuingia na ya kutoka. Vyumba vya ziada ni haba, tunajua. Hata stoo iliyoondolewa maboksi, yenye dirisha, inafaa kwa saa chache za kusubiri timu ya kaunti. Kisichofaa ni kumwambia apande boda boda aende hospitali kubwa. Damu ichukuliwe na waliofunzwa, ifungashwe kwa tabaka tatu, ipelekwe maabara ya rufaa. Kipimo cha mwanzo kikisema hana, na dalili hazijafikisha saa 72, arudiwe baada ya saa hizo kutimia kabla ya kuachiliwa: mapema mno, kirusi huwa bado ni kichache katika damu, na jibu hilo huwadanganya wengi.

Klorini nayo huharibiwa kwa makosa madogo. Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, hutoa asilimia 0.5 ya kusafishia matapishi, damu na sakafu. Lita 3 za Jik zinahitaji lita 18 za maji. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, ni gramu 7 kwa kila lita. Lebo isomwe kwanza, kwa sababu nguvu hutofautiana, na "vifuniko viwili kwenye ndoo" si kipimo. Ichanganywe kila siku katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, isichanganywe kamwe na sabuni ya choo yenye asidi. Damu iliyomwagika ifunikwe kwa vitambaa vilivyolowa klorini kwa dakika 15, iondolewe, ndipo pasafishwe upya. Uchafu ukibaki huila klorini yote. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Klorini ya asilimia 0.05 ni ya kutumia sabuni ikikosekana tu, na ile ya asilimia 0.5 huchubua ngozi ikafungua njia kwa kirusi. Tafadhali pia msinunue pampu za kupulizia watu dawa. Zinapendeza kwenye televisheni tu.

Mavazi ya kujikinga yakifika, yafike na mafunzo ya kuyavua. Hatari kubwa iko wakati wa kuvua, mtu akiwa amechoka na jasho linamtiririka. Avue mbele ya mwenzake anayemsomea hatua kwa sauti, asafishe mikono kila baada ya hatua, miwani aishike kwa mkanda wa nyuma, barakoa iwe ya karibu mwisho. Na wasafishaji wasisahaulike. Wao ndio wanaobeba ndoo, wengi ni wa kandarasi, na orodha za mafunzo huishia kwa wauguzi.

Chanjo isitulaze usingizi. Ervebo hulinda dhidi ya Ebola aina ya Zaire pekee, na huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi -80 na -60 za Selsiasi. Mlipuko wa Uganda wa 2022 ulioanzia Mubende, na ule wa Kampala wa 2025, yote ilikuwa aina ya Sudan. Mabango ya popo na tumbili nayo hayana kazi katika mtaa wa Pipeline. Popo wanaokula matunda ndio wanaoshukiwa kuwa chanzo porini, lakini akishaugua mtu mmoja, mnyororo ni wa binadamu: damu, matapishi, kinyesi, jasho, maiti. Guinea, mwaka 2021, mlipuko ulihusishwa na mtu aliyepona ule wa 2014 hadi 2016, kwa sababu kirusi huweza kujificha muda mrefu katika mwili wa aliyepona, kwa mfano katika shahawa.

Kuna jambo la pesa. Nigeria ilizima Ebola ya 2014 kwa wagonjwa 20 na vifo 8, kwa kuwa daktari Stella Adadevoh alikataa kumruhusu mgonjwa wa kwanza kuondoka, na kwa kuwa karibu watu 900 walifuatiliwa nyumba kwa nyumba. Ufuatiliaji huo katika mtaa wa Mukuru unamaanisha siku 21 za mtu wa kibarua ambaye asipotoka leo, watoto hawali leo. Bila unga, maji na malipo yake ya siku, atazima simu ahame. Kliniki ya kibinafsi nayo ikijua itafungwa bila fidia, itamwachia mgonjwa atokee mlango wa nyuma. Tengeni fungu hilo sasa, lipitishwe na bunge la kaunti kabla ya mlipuko.

Mazishi yapangwe pia mapema, na wazee, makasisi na maimamu wawe mezani. Maiti ndiyo yenye kirusi kwa wingi zaidi, na Nairobi husafirisha wafu wake usiku kucha hadi Siaya na Kakamega. Familia iruhusiwe kumteua wa kushuhudia, kuomba dua kwa umbali, na kuona kaburi. Kwa Waislamu, tayamamu (kutakasa bila maji) badala ya josho, ikifanywa na Mwislamu aliyevaa kinga. Wakinyimwa hayo, watazika kwa siri.

Ombi la mwisho ni rahisi. Tumeni watu wa kuigiza ugonjwa, bila taarifa, katika zahanati 20 za umma na za kibinafsi, kila mmoja aseme ana homa na amefika juzi kutoka eneo lenye mlipuko. Mpime dakika kutoka mlangoni hadi chumba cha kutengwa, na mhesabu waliomgusa. Matokeo yatangazwe bila majina ya vituo. Maswali ya zoezi tumeshayaandaa, na tuko tayari kuandamana na timu yako.

Wako,
Maafisa wa kuzuia maambukizi, wauguzi na mafundi wa maabara, Nairobi