Barua kwa Somo: Kule Magadi Yanakotoka

Arusha, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, isipokuwa mimi natembea kama bata tangu wiki iliyopita, sababu utaikuta mbele. Picha zako za hifadhi ya Yellowstone, huko Marekani kwenu, zimefika na nimezipitia moja moja kwa kikombe cha chai. Ile chemchemi kubwa yenye rangi za mviringo, bluu katikati, halafu kijani, njano, mpaka rangi ya chungwa ukingoni, sikufichi, niliikuza kwenye simu mpaka ikabaki nukta tupu. Ila ule ujumbe wako wa sauti, "kwetu huko hatuna kitu kama hiki", huo somo umenikaa kooni. Nikasema ngoja, huyu nitamjibu, tena kwa barua.

Nimekwenda Ziwa Natron, huku huku kwetu.

Tulitoka Arusha alfajiri, mimi, mpwa wangu kwenye usukani, na jirani mmoja aliyechangia mafuta. Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, na starehe ikaishia hapo. Ukiiacha lami unaanza kula vumbi, madirisha umefunga na bado linakukuta kwenye kope. Ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako njia nzima, kama mtu anayekusindikiza bila kusema neno. Tulipokwisha kuipita Engaruka, mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ukajitokeza, umechongoka kama pia iliyopinduliwa, kijivu, ubavuni una makorongo yanayoshuka kama mikunjo ya kanga iliyokamuliwa. Jina lake kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, na mpaka leo wapo wanaokwenda kusali pale. Nilipouona sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita kama 57, lakini kina chake hakifiki hata mita 3. Maji yanaingia kwa mto Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na kwa chemchemi za moto za pembezoni, ila hakuna mto unaotoka. Jua peke yake ndilo linaloyachukua, na likishayachukua linaacha magadi. Ndiyo, somo, magadi haya haya! Unayakumbuka yale mabonge bibi yako aliyokuwa akiyaweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati? Kipande cha ncha ya kidole kwenye makande, maharage yanalainika. Na ile siku alipozidisha, chakula kikawa na ladha ya sabuni, tukala kimya bila hata kutazamana. Basi fikiria uwanda mzima wa kitu hicho. Ukikanyaga ufukweni kinavunjika chini ya kiatu kama ukoko wa wali. Kijana wa kijiji cha Engare Sero aliyetuongoza alituambia tukanyage pale pale alipokanyaga yeye, maana chini ya ukoko kuna tope, na tope lile linaunguza ngozi.

Sasa, rangi. Kipindi cha kiangazi maji yakipungua, sehemu kubwa ya ziwa inakuwa nyekundu na ya waridi, ingawa nitakuwa mkweli kwamba ukiwa chini ufukweni unaona viraka tu. Wanaouona wekundu wote ni walio angani. Kinachopaka rangi ile ni vijidudu vinavyopenda chumvi kali. Na unajua ile chemchemi yako inapakwa na nini? Vijidudu pia! Pale katikati ni bluu kwa sababu maji ni ya moto mno, hawaishi; zile pete za njano na chungwa ni vijidudu wa aina mbalimbali, kila mmoja amekaa kwenye joto analoliweza. Kwa hiyo wewe na mimi tumepiga picha za ukoo mmoja.

Halafu kuna hili la zile picha. Usijifanye hukumbuki, mwaka 2013 ulinitumia picha za ndege na popo waliogeuka mawe, ukaandika "ziwa la mauti hilo, usithubutu". Nusu ya dunia iliamini kwamba mnyama akigusa maji tu anakuwa sanamu hapo hapo. Mpiga picha mwenyewe alieleza kwamba aliwaokota ufukweni wakiwa wameshakufa na kukaushwa na magadi, akawapanga kwenye matawi kama walio hai. Kazi nzuri, sikatai, lakini imelipa ziwa jina baya. Mle kwenye chemchemi za pembeni kuna hata samaki, vijiperege vidogo vinavyoishi kwenye maji ambayo perege wa kawaida angeiva.

Na heroe je, wale ndege wa flamingo? Pwani ya ziwa ilikuwa ya waridi mpaka mbali, wote vichwa chini, midomo imepinduliwa ndani ya maji, wanachuja mwani wa spirulina. Rangi yao inatoka kwenye chakula hicho. Kelele zao ni za bata wengi walioudhiwa. Hawa ndio heroe wadogo, wale tuliowaona Nakuru kwenye safari ya shule. Nakuru, Bogoria, Manyara, huko kote wanakwenda kula tu. Katika Afrika Mashariki yote mahali wanapozalia kwa uhakika ni Natron peke yake, na karibu robo tatu ya heroe wadogo wa duniani wametoka humo. Wanajenga vichuguu vya tope katikati kabisa ya ziwa, yai moja kwa kila kichuguu. Fisi hafiki, mbweha hafiki. Maji yakizidi vichuguu vinazama, yakipungua sana adui anapata njia. Yaani lile tope la kuunguza tunaloliogopa, kwao ndilo ua wa nyumba.

Katika miaka ya 1950, Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akiishi Kenya, aliviona vichuguu hivyo akiwa angani, akaona avifuate kwa miguu. Aliishia hospitali, miguu imejaa malengelenge. Nilimsimulia jirani yetu habari hiyo pale pale ufukweni, akarudi kwenye gari.

Mimi nilipata yangu usiku. Tulianza kupanda Lengai saa tano, ili tufike kileleni jua linapochomoza. Mlima una mita 2,962, tena haujui kona: unapanda wima, na majivu yanakurudisha. Ilipofika saa nane nilikaa chini nikawaambia endeleeni, Mungu yupo hata hapa. Kushuka ndiko kulikonimaliza mapaja, ndiyo habari ya bata hiyo.

Mpwa alifika, akanirekodia video. Somo, ile lava ni nyeusi! Nyepesi kama oili chafu ya gereji, inatapakaa bila wekundu wowote mchana. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava tulizozoea kuziona kwenye televisheni. Na ikipoa ikakutana na unyevu inageuka nyeupe, kwa sababu kilichomo ni magadi. Volkano nyingine hai inayotapika kitu kama hicho haipo duniani, hata huko Marekani kwenu. Majivu yake ndiyo yanayosombwa na mvua mpaka ziwani. Kumbe lile kopo la bibi lilikuwa na ukoo na volkano!

Siku ya kuondoka tuliziona nyayo za Engare Sero. Ni za watu, zaidi ya 400, zimebaki kwenye tope la majivu lililogeuka jiwe maelfu ya miaka iliyopita. Vidole vinahesabika. Waliozipima wanasema kuna kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea upande mmoja, na 14 kati yao ni wanawake. Nilikaa pembeni ya unyayo mmoja mdogo, kisigino kimezama zaidi upande wa nje, kama wewe unavyokanyaga viatu. Pengine alibeba mtoto. Pengine alikuwa mvivu wa kupanda milima kama mimi.

Kuna mtu anasafiri kuja huko kwenu mwezi ujao. Nimempa pakiti ya magadi niliyonunua sokoni, nimeifunga mara mbili na kuandika juu kwa herufi kubwa MAGADI YA KUPIKIA, maana unga mweupe na viwanja vya ndege havipatani. Wapikie watoto makande. Usizidishe.

Somo yako