Barua kwa Mwanangu: Sakafu Iliyofukiwa Chedworth

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Uingereza. Mimi ni mzima, na ni matumaini yangu kwamba nawe pamoja na wote hapo Malindi hamjambo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Chedworth, katika jimbo la Gloucestershire, ambako njia ya miguu hupita katikati ya msitu hadi kwenye magofu ya nyumba ya kitajiri ya zama za Warumi. Chini ya miti ile nilikukumbuka sana, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha, siku ile tulipotembea magofu ya mji wa kale wa Gede, kutafuta visima kabla ya kutazama kuta. Nami nikafanya vivyo hivyo. Chemchemi iliyowapa watu wale maji ingali inatiririka, ikiingia katika birika la mawe lenye pembe nane, na bila shaka ndiyo iliyowafanya wachague kujenga ubavuni mwa bonde lile.

Magofu hayo yaligunduliwa mwaka 1864. Baadhi ya vyumba vilikuwa na sakafu iliyoinuliwa juu ya vinguzo vifupi, ili hewa ya moto kutoka kwenye tanuri ipite chini yake. Katika sakafu ya chumba cha kulia kuna picha za majira ya mwaka zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi, na majira ya baridi ni mtu aliyejifunika joho lenye kofia, mkono mmoja ameshika sungura na mwingine tawi lisilo na majani.

Hata hivyo, iliyonikaa moyoni ni sakafu ambayo sikuiona. Utawala wa Warumi kisiwani humu huhesabiwa kuwa ulikoma mwaka 410, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba baada ya hapo maisha ya anasa katika nyumba kama hizi yalikwisha. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba mkaa na mfupa vilivyopatikana katika msingi wa ukuta wa chumba kimoja vimepimwa na kuonekana kuwa vya baada ya mwaka 424, kwa hiyo sakafu ya chumba kile, iliyotandazwa baada ya ukuta huo kujengwa, ni ya karne ya 5. Ufundi wake ni hafifu kuliko wa sakafu zilizotangulia, na mna makosa kadhaa. Marehemu babu yako alikuwa mwashi, nawe unajua jinsi alivyoheshimu kazi ya mkono. Ndiyo maana sikuyaona makosa hayo kuwa aibu. Nilimfikiria fundi asiye tena na mabingwa wa kumsahihisha, dola iliyowalea imekwisha ondoka, naye bado anachagua kijiwe hiki na kukiacha kile, kwa sababu mwenye nyumba alitaka chumba chake kipendeze.

Sakafu hiyo imefukiwa tena ili isiharibike, nami nilikaa karibu na mahali pake mpaka mvua ikaniondoa. Ukienda Gede tena, zitazame sakafu za kasri kwa niaba yangu, kisha uniandikie.

Akupendaye,
Baba yako