Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Vijiji Vitatu Vilivyohamishwa Kaunti

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mada yetu mwaka huu ni utawala wa vijiji vya Uingereza, na tumechukua vitatu vinavyopakana: Great Chishill, Little Chishill na Heydon. Leo viko kaunti ya Cambridgeshire. Hadi 1895 vilikuwa kaunti ya Essex, na hakuna nyumba hata moja iliyohama.

Ndugu Mgeni Rasmi, zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa na parokia, yaani eneo la kanisa lililokuwa pia ngazi ya chini ya utawala. Sheria ya 1601 iliitwisha kila parokia maskini wake: wasimamizi walitoza kodi wenye ardhi na nyumba, wakawahudumia wasiojiweza. Hapo mpaka ukawa jambo zito. Kwa sheria ya 1662, mgeni aliyepanga mahali pa chini ya pauni 10 kwa mwaka, akidhaniwa atakuwa mzigo, alirudishwa kwao kwa amri ya mahakimu wawili, mradi alalamikiwe ndani ya siku 40. Tena mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa. Basi wasimamizi walikuwa wakimharakisha mjamzito asiye na mume avuke mpaka kabla uchungu haujamshika, ili kodi ya kumlea mtoto iwaangukie majirani. Kwetu huo ni ukatili, na hauelezeki bila kujua nani alilipa nini.

Sheria ya 1834 iliunganisha parokia katika miungano ya kuhudumia maskini, kuzunguka miji ya soko, bila kujali kaunti. Vijiji vyetu viliwekwa chini ya muungano wa mji wa Royston, pamoja na parokia za Hertfordshire na Cambridgeshire. Maskini akapelekwa Royston, huku mahakama ya kaunti ikibaki Essex.

Sheria ya 1894 ndiyo iliyokata fundo. Ilianzisha halmashauri katika parokia za vijijini zenye watu 300 au zaidi, zikiruhusiwa kutoza kodi ya hadi peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya mali bila idhini ya mkutano wa wakazi. Ilitaka pia wilaya za vijijini zisivuke mipaka ya kaunti, ndipo vijiji vyetu vikahamishiwa Cambridgeshire. Chishill mbili ziliunganishwa kuwa parokia moja mwaka 1968. Tangu 1974 zote, pamoja na Heydon, ziko wilaya ya South Cambridgeshire.

Anayetafuta kumbukumbu hukwama hapa: anafungua faharasa ya Cambridgeshire, anatafuta kesi ya 1820, hapati kitu, anadhani imepotea. Kesi hiyo atafute katika kumbukumbu za Essex, zilizoko Chelmsford. Aandike mwaka kwanza, kisha ajiulize mwaka huo kijiji kilikuwa kaunti gani na muungano gani, ndipo afungue faharasa. Atafute na tahajia ya zamani, Chishall. Kumbukumbu za misaada baada ya 1834 azifuate upande wa Royston.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna ombi moja. Tunahitaji nakala za ramani za inchi 6 kwa maili za eneo hilo, moja ya kabla ya 1895 na moja ya baadaye, tuzibandike ubavu kwa ubavu. Mpaka uliohama unaonekana kwa jicho kuliko kwa maelezo.

Tunaomba kuwasilisha.