Upandaji wa matumbawe usiwe wa picha tu

Mhariri,

Wageni wengi huja Mafia, Unguja na Watamu na kulipia nafasi ya kujitolea kupanda matumbawe. Nia yao ni njema. Lakini asiyeweza kuelea kwa utulivu chini ya maji huharibu kuliko anavyopanda: teke moja huvunja tawi lililokua mwaka mzima, na matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka.

Waandaaji wawapime kwanza mahali penye mchanga mtupu. Vipande vya matumbawe vinavyopandwa vifungwe kwenye mwamba imara au fremu iliyokazwa. Vikiachwa juu ya vifusi, mawimbi huvibiringisha vikafa. Februari hadi Aprili wasipande kabisa, kwa kuwa ndiyo miezi ya maji moto, matumbawe yanapopauka, yaani kupoteza rangi na hata kufa, kama mwaka 1998.

Baada ya kupanda, mwani unaoota juu ya vipande lazima usuguliwe kwa brashi mara kwa mara, kwa miezi. Mgeni wa wiki mbili hawezi kazi hiyo. Walipwe vijana wa kijijini, na malipo yaingizwe kwenye ada ya mgeni. Mashua nazo zifungwe kwenye maboya, zisitie nanga juu ya matumbawe.

Mpiga mbizi,
Kilindoni, Mafia