Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Marekani: rudisheni fedha za maabara za vijijini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote. Septemba 2025 wizara yako ilitangaza kusitisha takriban dola milioni 350 za vyuo vinavyohudumia makundi ya walio wachache, vikiwemo vile ambavyo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake ni Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mkasema ni upendeleo wa kikabila. Ajabu ni kwamba fedha hizo hupewa chuo, na darubini haimuulizi mtu jina la ukoo.

Labda wizarani mnadhani kufundisha sayansi kupitia utamaduni wa wanafunzi ni kuchora sombrero, ile kofia pana ya Kimeksiko, kwenye jalada la kitabu cha kemia. Hata sisi tungeifuta hiyo.

Tazama somo la mtiririko wa maji kaskazini mwa New Mexico, kwenye acequia, mifereji inayoendeshwa na jamii yenyewe. Wanafunzi huchagua kipande kilichonyooka cha mita 10, wakapima upana na kina mahali patatu. Kisha chungwa. Chungwa huelea likiwa karibu lote majini, hivyo upepo haulisukumi. Hutupwa mita mbili kabla ya alama ya kwanza, upande maji yanakotoka; ukilitupia kwenye alama yenyewe, saa inaanza kabla halijashika kasi ya maji. Mara tano, wastani. Upana mita 1.2, kina 0.4, sekunde 20 kwa mita 10, yaani kasi ya mita 0.5 kwa sekunde: zidisha upana, kina na kasi, kisha zidisha na 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na udongo, upate lita 204 kwa sekunde. Hupimwa kabla na baada ya usafishaji wa mfereji majira ya machipuko, na namba anapelekewa mayordomo, mgawa maji. Hiyo ni fizikia kamili, Mheshimiwa, na chungwa halikuwahi kuilemea bajeti yenu.

Kinachogharimu ni kupima maji ya visima. Karatasi za kupimia nitrati, kemikali yenye nitrojeni ndani yake, ni rahisi, lakini zikiachwa wazi unyevu huziharibu. Tena kuna mtego wa vipimo: kikomo cha kisheria ni miligramu 10 kwa lita zikihesabiwa kama nitrojeni, sawa na kama 44 za nitrati. Mwanafunzi akisoma 30 za nitrati na kudhani ni nitrojeni, nyumbani kwao hofu inatanda bure. Akisoma 30 za nitrojeni na kudhani ni nitrati, mtoto mchanga ananyweshwa sumu. Majibu lazima yathibitishwe kwa spektrofotometa, kifaa kinachopima kemikali kwa mwanga, nacho kinataka myeyusho wa kulinganishia na fundi wa kukisimamia. Sampuli husafiri kwenye barafu na kupimwa ndani ya saa 48. Vijijini hiyo maana yake ni gari na mafuta.

Fundi, gari, kemikali: ndivyo vitu ambavyo ruzuku ilikuwa ikivilipia.

Rudisheni fedha hizo. Mkishindwa zote, lipeni miaka iliyobaki ya miradi ambayo ilikwisha kuanza. Mkishindwa hata hilo, lipeni mshahara wa fundi kabla ya machipuko, maana visima havingoji mabishano yenu.

Wenu katika kufundisha,
Walimu wa maabara, vyuo vya vijijini