Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani kuhusu ramani za zamani za Bonde la Kilombero

Ndugu Mkurugenzi,

Ninaomba karatasi za zamani za ramani ya topografia ya Bonde la Kilombero, za kipimo cha 1:50,000, na hasa zilizochorwa kabla reli ya TAZARA haijajengwa kati ya 1970 na 1975, ziwekwe katika nakala za kidijitali ambazo mwananchi yeyote anaweza kuzifungua.

Inaweza kudhaniwa kwamba toleo jipya limezifuta. Kwa barabara na madaraja, sawa; asiyejua kwamba kivuko cha Ifakara kimepisha daraja hahitaji ramani, anahitaji kusafiri. Lakini Mto Kilombero, ambao pia huitwa Ulanga, hupinda, hula kingo zake na kuacha mikondo mikuukuu ambayo wakati wa kiangazi huonekana kama shamba zuri lisilo na mwenyewe. Ramani ya zamani ndiyo inayotuonyesha maji yalipopita na kinamasi kilipoishia, na ushahidi huo una uzito katika bonde ambalo tangu 2002 ni ardhi oevu ya Ramsar, yaani iliyoorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na ambako mkulima, mfugaji na mhifadhi kila mmoja ana mpaka wake kichwani.

Ninaomba pia karatasi zisikatwe pambizo. Nakala nyingi nilizowahi kuziona zimebakizwa picha tu, ilhali ni pambizoni panapoandikwa mwaka wa picha za anga zilizotumika kuichora ramani, ambao huweza kuutangulia mwaka wa uchapishaji kwa muda mrefu, na msomaji akikosa habari hiyo atadhani mto ulihama wakati ambao haukuhama. Hapo pambizoni ndipo panapotajwa pia kwamba ramani imefungwa kwenye Arc 1960, mfumo wa marejeo unaotumika kupimia mahali. Simu zetu hutumia WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili katika eneo letu ni karibu mita 300. Anayehamisha majira, yaani namba zinazoonyesha mahali, bila kuyageuza anaweza kulikuta shamba lake ng'ambo ya mto. Maelezo mafupi ya kugeuza majira, kwa Kiswahili, yaambatane na kila karatasi.

Majina ya vijiji yaliyoandikwa kimakosa yaachwe yalivyo, na masahihisho yawekwe kando.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa ramani, Ifakara