Shukrani kwa dada wa daladala ya Mwenge

Dada tuliyekaa siti moja, sikukuuliza jina. Nilishika fomu ya chuo ya binti yangu. Nilikuwa nimefuta "kompyuta" nikaandika "ualimu", maana shemeji zangu walishikilia kuwa kompyuta ni kazi ya wanaume. Ukacheka. Ukaniambia mwaka 1843 mwanamke mwanahisabati, Ada Lovelace wa Uingereza, alichapisha hatua za kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ambayo hata haikuwa imejengwa, na kwamba ENIAC, kompyuta ya mwanzo ya Marekani iliyozinduliwa 1946, ilipangiwa programu na wanawake sita. Kisha ukanipa kalamu. (Nilishuka nayo, unisamehe.) Sasa binti anaandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, usiku kucha, na bando linaloisha ni langu. Asante sana, mdogo wangu.